Jicho limeona, mwenyewe hana habari: tunapimaje ung'amuzi wa fahamu na usio wa fahamu kwa kompyuta ya kawaida?

#1 MwalimuRaskazone (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum na habari za jioni.

Naomba msaada wa kitaalamu. Darasa la saikolojia la ualimu hapa Tanga mjini lina washiriki 24, kompyuta mpakato 8 za skrini ya 60 Hz, na chumba kimoja chenye madirisha upande wa bahari. Tunataka kuonyesha kwa vitendo hali mbili. Ya kwanza, mtu anatambua alichokiona na anakitumia kujibu. Ya pili, jicho limepokea kitu, jibu limebadilika, na mwenyewe hana habari.

Wanafunzi hufika na imani mbili zinazogongana. Wapo wanaoshikilia kwamba usichokiona hakikugusi. Wapo pia wanaoamini kuwa mtu anaweza kukutia neno kichwani kupitia redio au picha, ukaenda dukani bila hiari yako. Nataka watoke darasani wakiwa na kipimo mkononi, maana mabishano tunayo ya kutosha.

Naomba muundo kamili: muda, idadi ya maneno, hesabu, na hasa yale yanayoharibika. Maneno yawe ya Kiswahili. Visa vya binafsi tuviache pembeni, tupeane vipimo.

#2 Kizingiti

Shikamoo mwalimu. Naanza na msingi, kwa sababu hapa ndipo majaribio mengi ya darasani huanguka.

Kosa la kwanza ni kummulikia mtu kitu haraka, ukamuuliza "Umeona?", akasema "Sijaona", ukaandika: hakuona. Neno "sijaona" hulisema mtu ambaye kweli hakupata kitu, na hulisema pia mtu mwangalifu aliyepata nusu akaogopa kukosea.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1884 Charles Sanders Peirce na mwanafunzi wake Joseph Jastrow, pale Johns Hopkins, Marekani, walijipima kutofautisha migandamizo miwili inayokaribiana sana kidoleni. Kila jibu walilipa alama ya uhakika kuanzia 0 hadi 3, na 0 ilimaanisha "nabahatisha tu". Hata kwenye majibu ya 0 walipatia zaidi ya bahati. Mwaka 1898 Boris Sidis alifanya kitu cha namna hiyo kwa kadi za herufi na tarakimu zilizowekwa mbali. Watu walidai wanaona doa tu, lakini walipolazimishwa kuchagua walipatia kuliko anayebahatisha.

Ndiyo maana mwaka 1984 Jim Cheesman na Philip Merikle walitenganisha vizingiti viwili. Kimoja ni kizingiti cha kauli: chini yake mtu anasema hajui alichoonyeshwa. Cha pili ni kizingiti cha kuchagua: chini yake, hata ukimlazimisha achague, anapata sawa na bahati. Athari ya kitu kisichotambuliwa waliipata katikati ya vizingiti hivyo viwili. Waliposhusha muda hadi kizingiti cha kuchagua, athari ikapotea. Kwa hiyo mwalimu ukimulika kwa haraka kupita kiasi utapata sifuri, na darasa litaondoka likiamini hakuna kitu.

#3 BintiMakorora

Asante kaka Kizingiti. Sasa si tupime tu uwezo wa kubahatisha? Tumulike duara au mraba mara 100, anayepata zaidi ya 50 tuseme ameona bila kujua.

#4 Kizingiti

Dada, hesabu itakugomea. Kwenye majaribio 100 ya kuchagua kimoja kati ya viwili, kosa sanifu (kiasi ambacho bahati peke yake huyumbisha alama) ni 5. Anayepata 56 hajathibitisha chochote, na hata 60 ndiyo kwanza amegusa makosa sanifu mawili. Kama athari halisi ni 52 kwa 100, unahitaji takriban majaribio 2,500 ili kosa sanifu lishuke hadi 1. Nani atakaa mbele ya skrini muda wote huo?

Kuna tatizo la pili, na hili ndilo kubwa. Ukipata 60 kwa 100, utajuaje kama ni ung'amuzi usio wa fahamu au ni fahamu hafifu ambayo mtu hakuiripoti? Namba ni ileile. Njia ya kutoka hapo ni kutafuta kazi ambayo fahamu inavuta jibu upande huu na kutofahamu kunalivuta upande ule. Kazi hiyo ipo. James Debner na Larry Jacoby waliichapisha mwaka 1994, na mimi naona ndiyo inayomfaa mwalimu kuliko zote.

Inakwenda hivi. Skrini inamulika neno, mathalani BAHARI. Kisha zinatokea herufi tatu za mwanzo: BAH____. Mshiriki anaambiwa akamilishe kwa neno lolote isipokuwa lile lililomulikwa. Aliyelitambua neno analikwepa, anaandika bahati au bahasha. Ambaye neno limempita bila kutambua hana cha kukwepa, na kwa kuwa neno limeshachochea kumbukumbu, BAHARI ndiyo inayomjia kwanza. Anaiandika zaidi ya mtu ambaye hakumulikiwa chochote.

Basi ukimulika muda mrefu, neno linatokea chini ya kiwango cha kawaida, yaani kile cha watu wasiomulikiwa. Ukimulika muda mfupi, linatokea juu ya kiwango cha kawaida. Fahamu hafifu haiwezi kueleza jambo hilo la pili kirahisi, kwa sababu fahamu ingemsaidia kukwepa. Mwaka 1995 Merikle, Steve Joordens na Jennifer Stolz waliirudia kazi hii kwa muda wa ngazi mbalimbali, kuanzia sifuri hadi milisekunde 214. Majibu yalianza kwa kupanda juu ya kiwango cha kawaida, kisha yakashuka chini yake kadiri muda ulivyoongezeka.

Ukikiona kitu unaweza kukikataa. Kikikupita bila kutambuliwa, huna namna ya kukikataa.

#5 FundiSkrini

Kabla hamjafika mbali, tuzungumze skrini, maana hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia.

Skrini ya 60 Hz inabadilisha picha kila milisekunde 16.7. Huwezi kuonyesha neno kwa milisekunde 40. Utapata 33 au 50, na programu haitakwambia imekupa ipi. Kwa hiyo panga kwa fremu (picha moja ya skrini), usipange kwa sekunde. PsychoPy, programu ya kuendesha majaribio ya saikolojia, ni ya bure na inakubali kuhesabu fremu. Mpangilio wa raundi moja uwe hivi: alama ya msalaba katikati fremu 30 (nusu sekunde), pazia la kwanza fremu 30, neno fremu 3 (milisekunde 50) au fremu 12 (milisekunde 200), pazia la pili fremu 30, kisha herufi tatu zibaki hadi mshiriki ajibu au sekunde 15 zipite.

Pazia ni safu ya alama kama &&&&&&&& mahali palepale neno lilipokuwa. Wahenga walisema macho hayana pazia, sisi hapa ndiyo tunayawekea. Bila hilo la pili, neno la milisekunde 50 linasomeka vizuri tu, kwa kuwa mfumo wa kuona huendelea kulishughulikia hata baada ya kutoweka kwenye skrini. Pazia liwe na urefu wa neno refu kuliko yote. Likiwa fupi, herufi za pembeni zinabaki wazi na mtu anazisoma.

Uhakiki ni rahisi. Chukua simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, rekodi skrini, kisha pitia picha moja moja. Neno la fremu 3 lionekane kwenye picha 12 hivi, la fremu 12 kwenye picha 48. Ukipata 16 badala ya 12, kompyuta imedondosha fremu. Sababu za kawaida: intaneti iko wazi, programu inajisasisha nyuma, au betri. Baadhi ya kompyuta zikitoka kwenye umeme hushusha skrini hadi 48 Hz au 40 Hz ili kuokoa nguvu, na fremu 3 zinageuka milisekunde 62 au 75. Kompyuta zote ziwe kwenye umeme, uokoaji wa nguvu uzimwe, mwanga wa skrini ufungwe kiwango kimoja.

Projekta msitumie kabisa. Nyingi huchelewesha na kuchanganya picha, na walioketi nyuma wanaona herufi ndogo kuliko wa mbele.

Halafu hayo madirisha ya bahari. Jua la asubuhi likipiga skrini, neno linafifia, na mshiriki wa saa tatu anafanya jaribio tofauti na wa saa nane. Funga mapazia mazito, washa taa zilezile. Macho yawe sentimita 57 kutoka skrini: hapo sentimita 1 ni sawa na nyuzi 1 ya pembe ya kuona, na herufi ya urefu wa sentimita 1 inatosha. Kata uzi wa katani wa sentimita 57, ubandike kwenye ukingo wa kompyuta, kila mtu ajipimie kabla ya kuanza.

#6 MwanaNgeli

Fundi amemaliza vyuma, mimi naomba nishike maneno. Mkichukua muundo wa Kiingereza mkauvalisha Kiswahili, utakufa.

Kwa Kiingereza herufi tatu za mwanzo mara nyingi ni sehemu ya mzizi wa neno. Kwa Kiswahili herufi za mwanzo mara nyingi ni kiambishi cha ngeli. KIT____ ina KI ya ngeli na herufi moja tu ya mzizi: kitabu, kitanda, kiti, kitunguu, kitenge, kitambaa. Mbaya zaidi, karibu kila mtu ataandika kitabu hata usipommulikia kitu. Na mianzo kama WAT au MCH inavuta watu waandike wingi au majina ya wafanya kazi.

Tumieni majina yasiyo na kiambishi cha wazi, mengi ni ya ngeli ya I-/ZI-. Mianzo hii ina majibu mengi na haina mfalme mmoja:

KAR: karafuu, karanga, karatasi, karata, karamu, karoti, karakana
BAH: bahari, bahati, bahasha, bahili
SAM: samaki, samli, samadi, samahani
KAM: kamba, kamusi, kamati, kamari, kamera, kampuni
TAM: tamasha, tambi, tamaa, tamko, tambara
DAR: daraja, darasa, darubini
SAH: sahani, sahihi, sahibu

Lakini msiyaamini macho yangu. Chukueni watu 30 wasioshiriki jaribio, muwape mianzo peke yake, mhesabu. Neno la kumulika liwe lile linaloandikwa na watu 3 hadi 9 kati ya 30, yaani asilimia 10 hadi 30. Neno linaloandikwa na watu 20 halina nafasi ya kupanda. Neno ambalo halijaandikwa na yeyote halina nafasi ya kushuka. Na watu hao 30 watoke huku huku Tanga. Mwenye lugha ya nyumbani Kidigo, Kibondei au Kisambaa, na aliyekulia Barabara za Ngamiani, hawana msamiati unaopanda kichwani kwa mpangilio mmoja. Orodha iliyopimwa Dodoma haiwafai.

Amueni pia mapema, kabla ya kuona jibu lolote, yapi yatahesabiwa kuwa neno lilelile. Pendekezo langu: tofauti za tahajia (karafu kwa karafuu) ni neno lilelile, neno lenye maana tofauti ni neno jingine. Anayeandika kitenzi au jina la mtu, raundi hiyo ihesabiwe kama si neno lililomulikwa. Msiitupe.

#7 DukaNgamiani

Nafuatilia kwa makini. Swali la mfanyabiashara: hizi sauti za kwenye simu zinazouzwa kwamba zina ujumbe wa chini chini, ukisikiliza usiku unakuwa na kumbukumbu nzuri au unajiamini, zinafanya kazi? Na tangazo la redio linaweza kufichwa neno likaleta wateja?

#8 Kizingiti

Zilipimwa, ami, na zilipimwa vizuri. Mwaka 1991 Anthony Greenwald na wenzake waliwapa watu kanda za kuongeza kumbukumbu na kanda za kuongeza kujiamini. Nusu yao walipewa kanda yenye lebo iliyobadilishwa: ndani kumbukumbu, juu imeandikwa kujiamini. Watu walisikiliza kwa takriban mwezi mmoja. Kilichokuwa ndani ya kanda hakikuleta tofauti. Lakini zaidi ya theluthi moja waliamini wamepata nafuu kwenye kile kilichoandikwa juu ya kasha. Lebo inaonekana, inasomwa, inaaminiwa. Athari ilitoka kwenye fahamu.

Hadithi ya neno lililofichwa imeenezwa na James Vicary, mtafiti wa masoko wa Marekani. Mwaka 1957 alidai kwamba kwenye sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, alimulika maneno ya kuhimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kila sekunde 5 kwa sehemu ya 1/3,000 ya sekunde, na mauzo yakapanda asilimia 57.5 ya bisi na 18.1 ya soda. Mwaka 1962 alikiri kwamba ulikuwa mtego wa kibiashara, hakuwa na takwimu za maana. Miaka zaidi ya sitini imepita na bado watu wanaogopa.

Kilichopo kweli ni kidogo na kina masharti. Mwaka 2006 Johan Karremans na wenzake, Uholanzi, walimulika jina la Lipton Ice chini ya kizingiti. Waliolichagua zaidi ni wale waliokuwa na kiu tayari. Wasio na kiu hawakuguswa. Neno lilisukuma uchaguzi kati ya vinywaji viwili papo hapo, kiu halikuiumba.

#9 BintiMakorora

Na lile la kupenda kitu kwa kukizoea tu?

#10 Kizingiti

Hilo lina nguvu zaidi, na ndilo linalogusa gari la matangazo linalozunguka Ngamiani. Mwaka 1980 William Kunst-Wilson na Robert Zajonc walimulika maumbo ya pembe nane kwa milisekunde 1, kila moja mara tano. Baadaye watu waliulizwa lipi waliliona kabla: asilimia 48, yaani bahati tupu. Walipoulizwa lipi wanalipenda, lililomulikwa lilichaguliwa kwa asilimia 60.

Mfano wa majina nao ni mzuri. Mwaka 1989 Jacoby na wenzake waliwasomesha watu orodha ya majina ya watu wasio maarufu. Wakiulizwa papo hapo "Huyu ni maarufu?", walikumbuka jina limetoka kwenye orodha, wakalikataa. Wakiulizwa siku ya pili, kumbukumbu ya orodha imeondoka lakini hali ya kulizoea jina imebaki, majina yaleyale wakayaita maarufu. Ni mantiki ileile ya BAHARI. Ukijua mazoea yako yametoka wapi, unaweza kuyakataa. Usipojua, unayapa maana nyingine: umaarufu, ubora, au ukweli. Kwa muuza duka faida iko kwenye kurudia jina la wazi, kwa sauti ya wazi, mara nyingi. Fedha ya kuficha maneno ni hasara.

#11 NahodhaMstaafu

Vijana, na machale je? Mtu machale yanamcheza, anakataa kuvuka, na kweli bahari inachafuka.

#12 Kizingiti

Shikamoo mzee. Machale yanaweza kuwa ung'amuzi halisi ambao mwenyewe hawezi kuutaja kwa maneno. Lakini Daniel Kahneman na Gary Klein, mwaka 2009, waliweka masharti mawili ya kuyaamini: mazingira yawe na mpangilio unaojirudia, na mtu awe amepata majibu ya haraka na ya wazi kuhusu makosa yake kwa muda mrefu. Nahodha anayesoma kusi na kaskazi, rangi ya maji na mwendo wa mawingu kwa miaka, anapata jibu siku hiyohiyo. Masharti yametimia. Anayemsaili mtu wa kazi kwa dakika tano na kusema "machale yananiambia huyu mwizi" hajatimiza hata moja: waliokataliwa hawafuatilii, kwa hiyo hajui alikosea mara ngapi.

Mfano ulio mkali kuliko yote uko hospitalini. Mwaka 1974 Lawrence Weiskrantz na wenzake walichapisha habari za mgonjwa aliyetajwa kwa herufi D.B. Sehemu ya ubongo ya kuona, upande wa kulia, ilikuwa imeondolewa kwa upasuaji, na upande wa kushoto wa mwono wake akawa haoni. Alipoombwa anyooshe kidole kwenye taa asiyoiona, au achague kati ya X na O, alipatia sana, huku akisisitiza anabahatisha.

Tahadhari moja hapa. Kuna madai makubwa ya saikolojia ya kijamii, kama lile la mwaka 1996 la kina John Bargh kwamba kusoma maneno yanayohusu uzee kunamfanya kijana atembee polepole. Stéphane Doyen na wenzake walilirudia mwaka 2012 wakipima kwa vihisi vya mwanga, halikutokea. Lilitokea pale tu wapimaji walipokuwa wanatarajia kwamba washiriki watatembea polepole. Mwalimu, usilifundishe kama ukweli uliothibitika.

#13 MwalimuRaskazone

Marahaba wote, Mungu awazidishie. Sasa nipeni mpangilio wa watu 24 kwa kompyuta 8, na hesabu zake.

#14 FundiSkrini

Maneno 60, mafungu matatu ya 20: A, B, C. Wastani wa kukamilishwa kwa kawaida ulingane kati ya mafungu. Kundi la kwanza: A halimulikwi (fremu 0, pazia tupu), B fremu 3, C fremu 12. Kundi la pili: B halimulikwi, C fremu 3, A fremu 12. Kundi la tatu: C, A, B kwa mpangilio huo. Hivyo kila neno linakuwa kipimo chake lenyewe. Ndani ya kila mtu raundi zichanganywe. Usimpe za fremu 3 zote kwanza.

Zamu ni tatu za watu 8. Usifanye zamu moja kuwa kundi moja, maana uchovu na joto la mchana vitajifanya athari. Gawa hivi: zamu ya kwanza watu 3, 3, 2 wa makundi matatu, ya pili 3, 2, 3, ya tatu 2, 3, 3. Kila kundi linatimia watu 8. Raundi 60 kwa sekunde 10 hivi ni dakika 10.

#15 Kizingiti

Hesabu. Namba hizi nimezitunga kuonyesha njia tu, si matokeo ya jaribio. Kila hali ina majibu 24 × 20 = 480. Tuseme bila kumulika neno limeandikwa mara 96 (asilimia 20), kwa fremu 3 mara 134 (karibu 28), kwa fremu 12 mara 29 (6). Kwa kila mtu hiyo ni wastani wa maneno 4, 5.6 na 1.2. Toa kwa kila mtu: fremu 3 kasoro bila kumulika. Wastani wa tofauti ni 1.6. Kama mtawanyiko sanifu wa tofauti ni 2.4, kosa sanifu ni 2.4 ÷ √24 = 0.49, na t ni 1.6 ÷ 0.49, yaani 3.3 hivi. Kwa watu 24 mpaka wa kuivuka bahati ni 2.07, mmevuka. Tofauti ileile kwa watu 9 ingetoa t ya 2.0 na mpaka 2.31, mngekosa.

Kisha rudieni hesabu kwa maneno 60 badala ya watu. Athari ikibebwa na maneno mawili matatu tu, semeni hivyo.

Kwa wanaotaka zaidi: Jacoby (1991) alionyesha ukiongeza kipindi cha pili ambacho watu wanaambiwa walitumie neno lililomulikwa, unaweza kukadiria pande zote mbili. Fahamu = asilimia ya kulitumia kasoro asilimia ya kushindwa kulikwepa. Ikiwa ni 0.44 na 0.28, fahamu ni 0.16, na mvuto usio wa fahamu ni 0.28 ÷ (1 − 0.16) = 0.33. Mvuto huo linganisheni na kiwango cha kawaida. Hesabu hii inadhani pande mbili hazitegemeani, dhana ambayo wataalamu wamebishana nayo sana. Waambieni wanafunzi.

#16 BintiMakorora

Je, mtu akisahau tu kwamba alikatazwa? Ataandika BAHARI na sisi tutasema ni kutofahamu.

#17 Kizingiti

Swali hilo ndilo la kulipa jaribio uhai, dada. Kinga ya kwanza ni fremu 12: neno linaonekana wazi, kwa hiyo anayeliandika mara nyingi pale hafuati maagizo. Ya pili, sentensi "SI neno uliloonyeshwa" ibaki kwenye skrini juu ya herufi tatu kila raundi. Ya tatu, motisha: mwaka 1999 Troy Visser na Merikle waliahidi malipo kwa waliokwepa vizuri, na kushindwa kukwepa kukapungua. Maana yake sehemu ya "kutofahamu" inayopatikana kwa washiriki wavivu ni uvivu. Waambieni kila kosa la kuandika neno lililomulikwa linapunguza alama.

Kuna mwanya mwingine. Mtu anaweza kuwa amelipata neno kidogo, hana uhakika, akaamua kuliandika tu. Kila baada ya jibu muulizeni achague moja kati ya nne, kwa kipimo cha Thomas Ramsøy na Morten Overgaard (2004): sikupata chochote, nilipata mmweko tu, karibu niliona wazi, niliona wazi. Kama kupanda juu ya kiwango cha kawaida kunatokea hata kwenye "sikupata chochote", hoja yenu ina miguu.

Ila msije mkatupa majibu ya watu "walioona" baada ya kutazama data, mkabaki na wanaowafurahisha. David Shanks (2017) alieleza vizuri: kipimo cha fahamu kina makosa yake, na ukichagua walioanguka chini kwa bahati mbaya, kipimo cha pili kitawarudisha juu na utakiita kutofahamu. Amueni mpaka kabla ya zamu ya kwanza, uandikwe kwenye karatasi.

#18 MwanaNgeli

Kwa wenye muda wa jaribio la pili, rangi zinafaa. Merikle na Joordens (1997) walimulika neno la rangi, kisha mshiriki akataja rangi ya alama zinazofuata, na katika asilimia 75 ya raundi neno na rangi vilipingana. Anayeliona neno anajifunza mtego: "nyekundu" inamaanisha kijani kinakuja, anakuwa mwepesi kwenye zinazopingana. Asiyeliona anabaki mwepesi kwenye zinazolingana. Kwenye skrini zenu fremu 2 na fremu 10, na kutoka neno hadi rangi fremu 18, mbinu ipate muda wa kufanya kazi.

Andikeni NYEKUNDU na KIJANI daima hivyo hivyo. Msichanganye na "mwekundu" au "chekundu", umbo la neno litabadilika. Mmoja ana herufi 8, mwingine 6, kwa hiyo pazia liwe 8. Na pimeni kwanza nani hatofautishi nyekundu na kijani.

#19 FundiSkrini

La usalama: kila mshiriki aulizwe kama ana kifafa kinachochochewa na mwanga. Mmweko mmoja kila sekunde 10 uko mbali na kasi ya hatari, ambayo ni kama mimweko 3 hadi 30 kwa sekunde, lakini kuuliza ni lazima. Aliye chini ya miaka 18 mzazi aridhie kwanza. Na mtu aambiwe tangu mwanzo kwamba maneno mengine yatapita haraka. Jaribio hili halihitaji kumficha.

#20 MwalimuRaskazone

Nimeandika yote. Jumamosi tunapima mianzo kwa watu 30 pale Makorora, wiki inayofuata tunaingia darasani. Raundi za mazoezi nimeweka 6, kwa maneno ya kwenye orodha.

#21 MwanaNgeli

Hapo mwalimu naomba usimame. Maneno ya mazoezi yatoke nje ya yale 60, na mianzo yake isifanane na mwanzo wowote wa orodha. Ukifanya zoezi kwa KARANGA, basi raundi ya 14 inayoanza na KAR imeshachafuka kwa watu wote 24. Tumia CHA na MAF: chakula, chama, mafuta, mafuriko. Hizo hazimo kwenye orodha niliyoiweka juu.

#22 MwalimuRaskazone

Nimebadilisha. Kwenye 60 nako nimeona mianzo mitatu imejirudia, KAR mara mbili na KAM mara mbili na BAH mara mbili. Za ziada nazibadilisha kwa nyingine, kila mwanzo utatokea mara moja tu.